Alama 4 Nilizozikata Bure

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimkata mwanafunzi wa kidato cha tatu alama 4 kati ya 10 kwa kosa ambalo hakulifanya. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu wa kompyuta tutaenda shuleni na desa lilelile nililoenda nalo mimi.

Desa lilisema hivi: programu yenye muundo ni ile isiyo na goto. Ina mambo matatu tu, yaani mfuatano, uchaguzi na marudio, na kila mzunguko una mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Nililikariri mwaka wa kwanza, nikalijibia mtihani, nikapata A. Basi, nikajiona najua.

Swali la jaribio lilikuwa jepesi: andika programu ya Python inayosoma alama za wanafunzi moja moja mpaka mtu aandike -1, kisha itoe wastani. Shule ilikuwa na kompyuta 9 zinazowaka, na darasa lina watu 42. Kwa hiyo walijibu kwenye karatasi, nami nikasahihisha usiku kwa macho tu, kalamu nyekundu mkononi.

Kijana mmoja alifungua mzunguko usio na mwisho, akasoma alama, kisha akaandika kwamba ikiwa ni -1, break, yaani toka nje ya mzunguko. Chini ya hapo ndipo akajumlisha na kuhesabu. Nikaona break, sikuangalia zaidi. Kata 4. Pembeni nikaandika: "Haina muundo."

Binti mmoja alifuata nilichofundisha ubaoni. Aliweka bendera, akaiita endelea, na mzunguko ukawa unakwenda maadamu bendera iko juu. Anasoma alama; ikiwa ni -1, bendera inashushwa. Mstari unaofuata, anajumlisha. Hakuna break hata moja. Nikampa 10 kwa 10.

Siku ya kurudisha karatasi, yule kijana alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, yangu imekosea wapi?"

Nikamwambia haina muundo.

"Muundo ni nini, mwalimu?"

Nikarudia desa. Hakubisha. Aliomba tu tuziendeshe zote mbili. Tukaingiza 60, tukaingiza 70, halafu -1. Yake ikatoa 65. Ile ya 10 kwa 10 ikatoa 43.

Darasa likacheka, mimi jasho linanitoka. Kushusha bendera hakusimamishi mzunguko papo hapo. Mashine humaliza kwanza mistari iliyobaki ndani, ndipo irudi juu kuitazama bendera. Kwa hiyo -1 ilijumlishwa kama alama ya mwanafunzi wa tatu: 129 ikagawanywa kwa 3. Halafu, nilipotulia na kuhesabu milango ya kijana, mzunguko wake ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Uko katikati, basi. Hata kwa desa langu mwenyewe nilikuwa nimemwonea.

Usiku ule niliacha desa, nikatafuta jambo hili limetoka wapi. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini wa Italia walithibitisha kihisabati kwamba mfuatano, uchaguzi na marudio vinatosha kuandika hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya. Sawa, lakini kutosha si kueleweka. Machi 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha barua fupi dhidi ya goto katika jarida la Communications of the ACM. Kichwa chake maarufu, kinachosema goto ina madhara, hakukiandika yeye. Kilibandikwa na mhariri, Niklaus Wirth. Wengi wetu tumebaki na hicho kichwa. Hoja ya ndani ni kwamba akili zetu hushika vizuri kitu kilichotulia kuliko kitu kinachobadilika kila dakika, kwa hiyo maandishi ya programu yafuatane kwa karibu na kile kitakachotendeka ikiendeshwa. Goto inaharibu hilo kwa sababu ukifika mahali hujui umefikaje. Na mwaka 1974 Donald Knuth aliandika makala ndefu kuonyesha kwamba zipo sehemu ambazo hata goto yenyewe haivunji muundo.

Nikazirudia zile karatasi mbili na swali moja: nikiweka kidole kwenye mstari wa kujumlisha, ninajua nini kwa hakika? Kwa kijana, kilichofika hapo ni alama ya mtu, maana -1 imeshatoka. Kwa binti, huenda ni alama, huenda ni -1. Siku hizi nikiulizwa muundo ni nini, najibu kwa kidole hicho. Sisemi break ni ruksa popote. Zitie sita ndani ya mizunguko iliyobebana uone kama kidole kitakuwa na jibu. Wala bendera si mbaya. Binti angeandika tu kwamba ajumlishe endapo alama si -1, yake nayo ingekuwa safi.

Jumatatu nilimrudishia kijana alama zake 4 mbele ya darasa, nikasema kosa lilikuwa langu. Binti sikumpunguzia hata moja. Nilimwita tukakaa kwenye kompyuta, nikamwambia aitafute -1 inapopenya. Aliufuata mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza, akaipata.

Akanigeukia. "Kwa hiyo mwalimu, hata ile uliyotuandikia ubaoni ilikuwa na kosa?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nimewahi kuiendesha.