Babu, binti yangu na bendi isiyo na bosi

Mpenzi msomaji, umewahi kulipia tiketi ya muziki shingo upande, huku moyoni ukihesabu unga na maziwa ambayo pesa hizo zingenunua? Basi sogea karibu nikusimulie yaliyonipata Jumapili moja ya mwaka 2025.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa yamechacha. Binti yetu wa miaka 14 alikuwa Gredi ya 9, miongoni mwa wale watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliotakiwa kuchagua mkondo wa masomo kabla ya kuingia sekondari ya juu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumchagulia: sayansi na hisabati. Yeye alitaka Sanaa na Sayansi ya Michezo, kwa kuwa anapiga gitaa. Nikamwambia gitaa halilipi kodi ya nyumba. Tangu siku hiyo akawa ananiamkua tu, kisha anaziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia muziki. Wiki mbili zikapita hatuzungumzi ila kuombana chumvi mezani.

Mama watoto ndiye aliyetoa shauri. Bendi aliyoipenda binti yetu ingepiga muziki alasiri katika bustani moja hapa Nairobi. Watu wazima Sh1,000, watoto wadogo bure. "Twende sote," akasema, "ukawaone hao unaogombana nao bila kuwajua."

Sote, yaani pamoja na kitindamimba wetu wa miaka 6, na baba yangu mzazi, mzee wa miaka 74, karani mstaafu wa reli, aliyekuwa amekuja jijini kutibiwa macho. Huyu ndiye aliyenicharaza viboko nilipokuwa darasa la sita kwa kumfuata mpiga gitaa mmoja kutoka soko letu hadi soko la pili. Nikajua fika kwamba huko nitakuwa na shahidi wa upande wangu.

Huenda unajiuliza bendi hizi ni za aina gani. Ni za vijana wanaotunga pop yao wenyewe, wakichanganya Kiswahili, Sheng na lugha za mama, bila kampuni kubwa ya kuwagharamia. Jijini Nairobi wamekuwa na historia yao. Sauti Sol, kundi lililoagana na mashabiki katika Uhuru Gardens mnamo Novemba 2023, lilianza mwaka 2005 kwa vijana waliojuana katika shule ya Upper Hill, wakiimba bila ala. Just A Band walitufanya tucheke sote mwaka 2010 kwa video ya shujaa Makmende. Na tamasha la Blankets and Wine, lililoanzishwa na mwanamuziki Muthoni Ndonga mwaka 2008, ndilo lililowazoesha wengi kusikiliza muziki mchana, wakiwa wameketi nyasini na chakula chao.

Nasi tukafunga safari kwa matatu, leso mbili za kukalia mkononi na chapati na ndengu ndani ya mkebe. Langoni tulipokelewa na mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba umening'inia shingoni. Alitupiga muhuri mikononi mmoja mmoja. Alipomwona Babu, alimpisha kwenye kiti chake mwenyewe, kisha akaamuru kipelekwe kivulini. Nikasema moyoni, hapa angalau kuna adabu.

Muziki ulipoanza nilikuwa nimekunja uso tayari kwa kelele. Kelele zilikuwepo, sikatai. Ukienda na watoto, msomaji wangu, usikae karibu na spika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba sauti katika kumbi za burudani isizidi wastani wa desibeli 100, na masikio ya mtoto yastahili kulindwa zaidi. Tulihamia nyuma kabisa, chini ya mti, na kitindamimba akalala usingizi kwenye leso katikati ya wimbo wa tatu.

Binti yetu hakuwa na vidude masikioni. Aliimba kila neno, na mama yake akaanza kuitikia viitikio. Babu alitulia tuli, kofia magotini, akipiga mguu wa kulia chini polepole. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Shahidi wangu alikuwa ananiponyoka.

Wakati wa mapumziko, msichana mwimbaji alipita karibu nasi akitafuta maji. Babu akampungia mkono.

"Njoo hapa, mjukuu wangu. Nani anayewalipa ninyi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini msichana alichutama mbele ya mzee.

"Ni ninyi, Babu. Tukishalipia spika na bustani, tunagawana kinachobaki."

"Na kisipobaki?"

"Mpiga ngoma ni mwalimu. Wa besi hutengeneza kompyuta. Mimi hushona nguo."

"Mama yako anajua uko hapa?"

Msichana akacheka. "Babu, si ndiye aliyekupiga muhuri?"

Mzee akautazama mkono wake, akautazama tena. Kumbe dereva wa gari la vyombo ni mjomba wa mpiga ngoma, na kijana aliyekuwa akikagua malipo ya simu ni ndugu mdogo wa mpiga besi. Mimi nilidhani bendi isiyo na kampuni haina mtu. Kumbe jamaa zao ndio kampuni yenyewe. Na mimi, baba wa mpiga gitaa, nilikuwa nimejiuzulu kabla hata ya kuajiriwa.

Jioni tukirejea, Babu alinyamaza hadi matatu ilipokwama kwenye msongamano. Ndipo akasema, bila kunigeukia:

"Yule mpiga gitaa wa sokoni, sikuwahi kumwona mtu wake hata mmoja. Alikuja peke yake, akaenda zake peke yake. Niliogopa uwe kama yeye."

Miaka yote hiyo nilidhani alichukia muziki.

Tulipofika nyumbani nilimwomba binti yangu ile karatasi ya kuchagua mkondo. Sikuitia sahihi usiku huo. Tuliketi tukaisoma pamoja, somo kwa somo, mpaka chai ikapoa. Nilimweleza hofu zangu, naye akanieleza zake, maana kumbe hata yeye anazo. Jumatatu nikatia sahihi alikotaka. Hisabati ataendelea nayo, na safari hii hakubisha, kwani amejionea kwamba kugawana kinachobaki kunataka hesabu.

Sikuambii, msomaji, umruhusu kila mtoto aache vitabu akamate gitaa. Siku za usoni za binti yangu sizijui, na kodi ya nyumba haijapungua. Lakini kama mwanao ana wimbo anaousikiliza peke yake mlango umefungwa, siku moja nenda naye pale unapoimbwa. Mchukue na babu yake.

Mimi tayari nimepewa kazi. Shule yao ilipoandaa onyesho la muziki mwisho wa muhula, nilisimama langoni, mkoba shingoni, nikipiga wazazi wenzangu muhuri mikononi.