Menyu Mbili za Chinatown

Mgahawa nilikokuwa nikiosha vyombo, pale Chinatown ya San Francisco, ulikuwa na menyu mbili. Moja ilipigwa chapa kwa Kiingereza, kwa ajili ya Wazungu na wageni wengine: nguruwe wa sosi ya sukari na siki, tambi za kukaanga, wali wa mayai. Ya pili iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi nyekundu zilizobandikwa ukutani, Kichina kitupu, na humo ndimo mlimokuwa na vyakula vya wenyewe: karela, samaki wa chumvi, uji wa mchele. Nilianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilitoka Mombasa kwenda kusoma. Mchana darasani, jioni kwenye sinki.

Mpishi mkuu, mzee wa Kikantoni, sote tulimwita Ah Suk, kama kwetu unavyomwita mtu baba mdogo. Alipojua kwamba mimi ni Mwislamu hakuuliza mengi. Alinipakulia kando: samaki wa mvuke, tangawizi iliyochanjwa nyembamba, majani ya kitunguu, kisha mafuta ya moto juu yake yakalia chwaa! Ukimsifu, alikwambia samaki wa leo hafai, ameiva kupita kiasi. Hapo ulitakiwa uongeze kipande na kuapa kwamba hujapata kula kitamu kama hicho. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo. Kwetu pia mwenyeji hukwambia karibu, hakuna kitu, na sinia limefurika.

Kwa hiyo tuliposomeshwa The Joy Luck Club, riwaya ya Amy Tan iliyotoka 1989, kuna mahali nilicheka kwa sauti. Waverly, mmoja wa mabinti wa riwaya hiyo, amemleta nyumbani mchumba wake Mzungu, Rich. Mama mtu anatenga chakula anachojivunia kuliko vyote, halafu anasema hakikukolea chumvi. Rich anachukua chupa ya sosi ya soya na kukimiminia.

Si wote waliocheka. Mwandishi Frank Chin, katika mkusanyo wa The Big Aiiieeeee! wa 1991, aliwashambulia Tan na mwandishi mwingine, Maxine Hong Kingston, kwamba wanawauzia Wazungu Uchina wa bandia. Tangu tamthilia yake ya The Year of the Dragon, iliyochezwa 1974, alikuwa na jina kali kwa biashara ya kuukuza ugeni wa chakula chako ili upate riziki: ponografia ya chakula. Darasa likagawanyika. Waliomuunga mkono Chin walisema Waverly anamfafanulia msomaji kila kosa la Rich, na mwenyeji haelezwi adabu za meza yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Ndipo binti mmoja aliyekulia Chinatown akasema, "Baba yangu amempika huyo nguruwe wa sukari na siki maisha yake yote, na hajamtia mdomoni hata siku moja. Ndiye aliyenisomesha."

Mwalimu akaongezea historia. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, lakini wafanyabiashara waliruhusiwa. Mwaka 1915 mahakama iliwahesabu wenye mikahawa kuwa wafanyabiashara, na mikahawa ikazidi kuota katika miji ya Marekani. Sheria yenyewe ilifutwa 1943. Wengi hawakushika mwiko kwa sababu walizaliwa wapishi. Huo ndio mlango uliobaki wazi.

Baadaye nilisoma The Woman Warrior, kitabu cha Kingston cha 1976. Mama anawapikia watoto chochote kinachopatikana, hata rakuni, nyoka na kobe, na mabaki yanarudi mezani siku baada ya siku mpaka yaishe. Hicho hakiagizwi na mtalii. Humo mna njaa, aibu na ushupavu wa mwanamke aliyekataa wanawe walale bila kula.

Tangu hapo nimesoma wahakiki wengi. Kila wanapomlaumu mwandishi kwa kuuza chakula cha kwao, namkumbuka yule binti. Kuuza nako kulikuwa sehemu ya maisha yao, na riwaya inayoificha menyu ya Kiingereza ili ionekane safi inamficha pia mzee aliyesomesha watoto kwayo.