Amana Kabla ya Kilele



Sifa njema zote ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Swala na Salaam zimshukie Mtume Muhammad (Swallallahu 'Alayhi wa Sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ama ba'ad,

Ndugu wazazi na vijana, wengi wametuuliza kuhusu safari tunayoipanga kutoka Jinja kwenda Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Tunakusudia kupanda kwa njia ya Sasa kutokea Budadiri, tufike Wagagai, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo (mita 4,321), na kilele cha Jackson (mita 4,165), kisha tuteremke kwa njia ya Piswa hadi Kapkwata. Ni siku tano kwa miguu. Hatuchukui wapagazi, kila mmoja atabeba chakula na blanketi lake, na mahema tutapokezana. Atakayefuatana nasi ni askari wa hifadhi tu, kama utaratibu unavyotaka.

Tulikuwa tumekwisha piga hesabu ya unga, tende, karanga na dagaa alipokuja mama wa mwanafunzi wetu mmoja. Ni mjane, na huyo ndiye mwanawe wa pekee. Alikataa kiti. Akasema, "Ustadhi, mwaka jana mlinirudishia mtoto anatetemeka. Safari hii mtamrudisha vipi?"

Hatukuwa na jibu. Mwaka jana tuliwapeleka vijana Wanale, juu ya mji wa Mbale, na mvua ikatukuta wamevaa fulana. Kijana huyo alisema mapema kwamba anasikia baridi. Tukamwambia asubiri, tumekaribia. Tulimfundisha subira mahali pasipo pake. Kosa lilikuwa letu, na hadi siku ile hatukuwa tumemwomba radhi mama yake. Tukamwomba, kisha tukaupanga upya msafara.

1. Uamiri. Ni Sunna wasafiri kuchagua amiri, nasi tumemchagua. Lakini akitokea mmoja anaumwa kichwa na kutapika, hapo amiri hana hiari: tunateremka, hata kama kilele kinaonekana. Ugonjwa wa miinuko dawa yake ya kwanza ni kushuka.

2. Nguo. Usiku huko juu maji huganda. Kila kijana awe na sweta la sufi, koti la mvua, na nguo kavu ndani ya nailoni. Mifuko tutaikagua sisi wenyewe kabla ya kuondoka.

3. Saa. Ikifika saa sita mchana hatujafika kileleni, tunarudi. Mvua hupenda kunyesha alasiri.

4. Ibada. Tutakuwa wasafiri, kwa hiyo tutafupisha Swala na kuzikusanya. Kibla huku ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Atakayevaa khufu akiwa na twahara atazipangusa siku tatu na usiku wake, tangu udhu utakapomtenguka mara ya kwanza. Baada ya hapo azivue aoshe miguu. Na anayehofia madhara ya baridi akumbuke kisa cha 'Amr bin Al-'Aas (Radhiya Allahu 'anhu), aliyetayamamu usiku wa baridi kali akawaswalisha wenzake, na Mtume (Swallallahu 'Alayhi wa Sallam) alipoelezwa, akacheka wala hakumkemea.

Wengine wanasema tawakkul inatosha. Tawakkul ya kweli ni baada ya kumfunga ngamia, na hawa si ngamia, ni watoto wa watu.

Mama yule hajatupa ruhusa. Jina la mwanawe tumeliandika kwa penseli mwisho wa orodha. Akiridhia, twende naye. Asiporidhia, kijana atabaki na mama yake, na hilo si pungufu kwake. Radhi ya mzazi ni kubwa kuliko Wagagai.

Wazazi wote mnakaribishwa madrasa Ijumaa baada ya Swala, mje muone mifuko na mtuulize mtakalo.

Wabillahi Tawfiq.