Mama Yake Hakumlisha Sukari

Mwaka jana mdogo wetu mmoja hapa kambini, miaka tisa, alianza kuamka usiku kukojoa. Mara nne, mara tano. Mchana anakunywa maji mpaka dumu linakauka, na bado anaomba. Sisi vijana wa zoni yake tulikuwa tunamcheka, tunamwita Tanki. Akakonda. Tukasema malaria. Wengine wakasema amerogwa. Siku alipozimia ndipo tukampakia kwenye pikipiki. Hospitali wakamtoboa kidole, sukari ilikuwa juu mpaka imepita kipimo cha mashine.

Insulini ilimwokoa. Lakini maneno hayakuisha. Kwenye bomba la maji mama yake alikuwa anaulizwa, "Ulikuwa unampa soda ngapi?" Soda! Mama anayepika unga na maharage ya mgao. Alifika mahali akawa anateka maji usiku ili asikutane na watu.

Ndiyo tukaamua kutafuta wenyewe. Bando la mmoja, simu ya mwingine, na muuguzi mmoja akatusaidia kuelewa.

Kumbe kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na chai yenye sukari. Kinga ya mwili wa mtoto inageuka, inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kuna urithi ndani yake, lakini urithi peke yake hautoshi: mapacha wanaofanana kabisa, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima. Kwa hiyo wataalamu wanatafuta kitu kwenye mazingira.

Utafiti mkubwa wa jambo hili unaitwa TEDDY. Walianza kuandikisha watoto wachanga mwaka 2004, huko Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani. Watoto zaidi ya 8,000 wenye urithi wa hatari, wakafuatwa mpaka miaka 15. Damu, kinyesi, homa, chakula, vyote viliandikwa. Wameona kwamba maambukizi ya muda mrefu ya aina fulani za enterovirusi, virusi vinavyokaa tumboni, yanahusiana na kinga kuanza kushambulia kongosho. Lakini jibu kamili bado halijapatikana.

Kilichotugusa zaidi ni habari za Karelia. Upande mmoja wa mpaka ni Ufini, upande wa pili ni Urusi. Urithi wao unakaribiana sana, lakini watafiti walikuta upande wa Ufini watoto wanaugua karibu mara sita zaidi. Damu inakaribiana, maisha tofauti. Sisi tuliovuka ziwa tukiwa wadogo tunajua mpaka unavyobadilisha maji unayokunywa, chakula, hata magonjwa unayopata.

Sasa angalieni tena orodha ya zile nchi nne. Afrika haimo. Watoto wa kambini hawamo. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba: mtoto akigundulika, isiishie kwenye kumpa dawa. Andikeni alizaliwa wapi, amehama lini, aliugua nini kabla. Siku watafiti wakija kuuliza, tuwe na cha kuwaonyesha. Na sisi tuko tayari kusaidia kuandika.

Na ninyi vijana wenzetu, hii haisubiri utafiti. Mtoto akikojoa sana, akinywa maji sana, akikonda na kuchoka, msiseme malaria halafu mkakaa. Mpelekeni siku hiyohiyo, ombeni apimwe sukari. Ni tone moja tu la damu. Sisi tulichelewa tukicheka, na nusura tumzike.

Mdogo wetu amerudi shule. Insulini yake mama anaitunza kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi, kivulini. Jina la Tanki tumeliacha. Mama yake tulimwendea tukamwomba msamaha, na sasa anateka maji asubuhi kama wengine.