Uzuri Unaokataa: Leso ya Takawiri na Mchoro wa Nara

Kwenye mchanga mweupe wa Takawiri, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Homa Bay, wanawake huanika omena juu ya nyavu kuukuu. Baadhi yao hujifunga leso. Rangi zake zapendeza na maua yake ni ya upole. Lakini penye jina, juu ya pindo la chini, huenda pamekaa fumbo la kumkata jirani maini. Mvaaji hasemi neno. Akiulizwa, atajibu kwamba kapenda maua.

Mbinu hiyohiyo ndiyo inayoitia nguvu sanaa ya Yoshitomo Nara, mchoraji aliyezaliwa Hirosaki, Japani, mwaka 1959. Watoto wake wana vichwa vikubwa na mashavu ya kubembelezwa, ila macho yao ni makali. Katika mchoro wake mmoja wa 1998, msichana ameinua bango la kupinga nyuklia. Mwaka 2012, baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, Nara aliwaruhusu waandamanaji kuutumia, nao wakaubeba barabarani.

Mhakiki anayeuona urembo huu kuwa ganda la kumenywa ili kiini kipatikane, amekosea. Urembo ni sehemu ya hoja: aliyezoea kuamrishwa awe mpole ameuchukua upole huohuo akakatalia kwao. Kwa hiyo leso na isomwe nzima, maua pamoja na maneno. Atakayenakili jina peke yake daftarini atakuwa ameiacha nusu ya kauli ufukweni, ikipepea.