Mwendo Uliozidi Kipimo



Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta hapa Tabora, katika kibanda kidogo kisicho mbali na Soko Kuu, na kwa muda wa miaka zaidi ya 20 nimezoea kuandika stakabadhi tu, si makala. Walakini nimeonelea niliandike jambo hili, kwani siku hizi katika nyumba nyingi za ndugu zetu imo kompyuta, na yumo kijana aijuaye kuliko wazee wake, nao wazee humwachia mambo yote. Mimi nami nilimwachia mpwa wangu. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa najua.

Mpwa wangu huyo, mtoto wa dada yangu, huchukua picha za video katika arusi na katika sherehe za madrasa. Mwaka 2019, mwezi wa Ramadhani, alikaa na mama yetu, yaani bibi yake, mausiku saba baada ya tarawehe. Akaweka kamera mbele ya mkeka, akamwuliza habari za zamani. Baba yake mama alikuwa mpagazi ujanani mwake, katika miaka ya mwisho kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na mama alikuwa ameyahifadhi masimulizi yake kama mtu ahifadhivyo sura. Alieleza jinsi walivyotoka Bagamoyo, jinsi walivyovuka Ugogo, na jinsi Mgunda Mkali ulivyokuwa nyika isiyo na maji wala mtu. Mwaka 2021 mama alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sauti yake ikabaki katika mafaili saba, na mafaili hayo yalikuwa katika laptopu moja kuukuu ya mpwa wangu. Hapakuwa na nakala nyingine. Nilimwambia mara mbili aitoe nakala. Sikumwambia mara ya tatu, wala sikuitoa mwenyewe, ingawa kibanda changu kimejaa diski.

Basi ilikuwa mwaka 2023, Ramadhani ikikaribia kwisha, na arusi za Shawwal zikimngoja. Akaja kibandani akasema, "Shikamoo mjomba. Kompyuta yangu ni nzito. Arusi moja yachukua usiku kucha kuiandaa, na mwezi ujao ninazo sita." Kompyuta ile kubwa nilimuuzia mimi, imetumika, ikiwa na prosesa ya Intel ya zamani kidogo, ya mwendo wa gigahetzi 3.5, ya zile ambazo kiwanda kimeziachia mtu aongeze mwendo akipenda. Ningaliweza kumwambia apunguze kazi, au asubiri apate fedha anunue nyingine. Lakini nilikuwa na fahari ya ufundi. Nikamwambia, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Yafaa nieleze fahari hiyo ilitoka wapi. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi Dar es Salaam, mafundi wakubwa walikuwa wakisimulia habari za prosesa moja iliyotoka mwaka 1998, Celeron 300A, ambayo iliuzwa kwa mwendo wa megahetzi 300, na watu wakaikimbiza kwa 450 bila ya kuumia. Nusu nzima ya mwendo, bure! Tulisikiliza kama watoto wasikilizavyo hadithi za Abunuwasi. Tusilolitia akilini ni kwamba nyakati zile kiwanda kiliacha akiba kubwa baina ya kipimo kilichoandikwa na uwezo wa kitu chenyewe. Leo akiba hiyo kiwanda chenyewe kimekwisha kuila. Prosesa za sasa hujiongeza mwendo zenyewe kazi ikizidi na kujipunguza joto likipanda, na kinachobaki juu ya hapo ni kidogo sana.

Nikafungua mbele yake ule ukurasa wa mipango ya mashine unaotokea kabla ya mfumo kuwaka, ambao mafundi huuita bayosi. Nikatoa mwendo 3.5 nikaweka 4.2. Mashine ikagoma. Nikaongeza umeme wa prosesa kutoka volti 1.20 hata 1.35, ikakubali. Mpwa wangu akacheka kwa furaha, nami nikacheka. Tena akaniuliza kama na kumbukumbu za mashine, zile ramu, zaweza kuongezwa mwendo, nikamwambia zaweza, nikamwonyesha.

Hesabu yake ni hii, na kila kijana mwenye kompyuta aweza kuifanya kwa kalamu. Joto la prosesa hupanda kwa kadiri ya mwendo wake, na kwa kadiri ya volti zake zilizozidishwa kwa zenyewe. Kutoka 3.5 kufika 4.2 ni kuongeza sehemu moja katika tano. Kutoka 1.20 kufika 1.35, ukizidisha kila moja kwa yenyewe, ni kuongeza kiasi cha robo. Vikiingiana vyote viwili, joto limezidi kwa nusu. Prosesa iliyokuwa ikila kama wati 88 sasa yala zaidi ya 130, na ile feni na chuma chake cha kupoza ni vile vile. Tena Tabora si pwani. Tuko kiasi cha meta 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kidogo, haibebi joto sawasawa na hewa ya Dar es Salaam. Na vumbi letu mwalijua. Hesabu hii niliijua siku ile. Niliiacha kifuani.

Miezi sita ilipita salama, au ndivyo tulivyodhani. Arusi zilitoka upesi, fedha ikapatikana, dada yangu akaezeka bati jipya. Mwezi wa Julai mpwa wangu alihamisha vitu vyake vyote kutoka laptopu ile kuukuu mpaka kompyuta kubwa, kisha akaiuza laptopu kwa mtu wa safari. Hata ilipofika Oktoba, jua likiwa kali na mvua bado, siku moja alasiri kompyuta ikazimika, na alipojaribu kuiwasha feni ilizunguka nusu mzunguko ikasimama.

Aliniletea imefungwa kwa shuka. Nilipofungua ubavu wake niliona vumbi limegandamana katika mapezi ya kipozeo kama sufi katika mto. Ile dawa nyeupe ipakwayo baina ya prosesa na kipozeo ilikuwa imekauka ikawa unga. Katika sanduku la kugawa umeme, kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. (Nawasihi wazazi: sanduku hilo mtoto asilifungue hata kama waya umetolewa ukutani. Ndani yake husalia umeme wa volti zaidi ya 300, nao huweza kuua.) Sikulitengeneza, niliweka jingine. Kapasita za namna ile zikikaa katika joto hukauka maji yake, na mafundi hukisia kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi hupunguza nusu ya umri wake. Kwa hiyo kitu kilichoundwa kidumu miaka minane huweza kwisha kwa miaka miwili, na hakuna mtu aliyekivunja.

Ubao mkuu ndio uliochukua muda. Nilipima kwa mita nikakuta kitransista kimoja, katika vile vinavyoilisha prosesa umeme, kimeshika shoti. Alhamdulillah kilikuwa kile cha upande wa ardhi, kwani lau kingekuwa cha upande wa volti 12, umeme ule ungalimiminika ndani ya prosesa na mazungumzo yangekwisha. Nilikitoa kwa upepo wa moto, nikaweka kingine kilichotoka katika ubao uliokufa. Nikasafisha vumbi kwa brashi laini, nikapaka dawa mpya, kadiri ya punje ya mchele. Nikatoa ile betri ndogo ya volti 3 mfano wa sarafu, nikangoja kidogo, nikairudisha, ili mipango yote niliyoiweka mimi isahaulike, mashine irudi katika kipimo cha kiwandani.

Ikawaka. Mpwa wangu akasema, "Alhamdulillah, mjomba." Mimi sikusema kitu, kwa maana nilikuwa nimeanza kuipa kazi nzito, na baada ya dakika 10 iliganda. Katika kipimo chake cha kuzaliwa, 3.5, haikuweza tena. Nikaishusha hata 3.2, ndipo ikatulia. Prosesa ilikuwa imezeeka. Ndani yake mna njia za shaba nyembamba mno, na umeme mwingi ukipita katika joto jingi husukuma chembe za madini kidogo kidogo kutoka mahali pake, hata njia ikakonda. Mhandisi wa Kimarekani, James Black, aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1969, na kanuni yake yatumika hata leo. Chuma cha kulehemu hakirudishi chembe hizo. Wala wenye viwanda wenyewe hawakusalimika: mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijiitia volti nyingi kupita kiasi, nyingine zikaharibika, ikawabidi watoe marekebisho na kuongeza dhamana ya miaka miwili.

Usiku ule niliiacha mashine ijipime ramu hata alfajiri katika mipango ya kiwandani. Haikutoa kosa hata moja. Nikairudishia ile mipango niliyomfundisha mpwa wangu, kwa muda wa saa moja tu. Makosa yakatoka, machache, hapa moja na pale moja. Nikakaa juu ya kigoda. Maana yake ni kwamba tangu Shawwal mpaka Oktoba, kila faili lililopita katika mashine ile lilipita katika mikono inayotetemeka. Katika picha ya arusi, kosa moja ni doa dogo juu ya shela, hakuna alionaye. Lakini nilikumbuka mwezi wa Julai, na laptopu ile iliyouzwa.

Mafaili saba yalikuwapo, na majina yake, na ukubwa wake. Matano yalifunguka vyema. La tatu lilifunguka, lakini katikati picha ilipasuka vipande vya rangi na sauti ikakatika, ikarudi baadaye mama akiwa katika habari nyingine. La saba lilikataa kabisa kufunguka. Kwa muda wa mausiku matatu nililishughulikia baada ya isha. Faili la namna hii lina daftari lake ndani, linaloieleza mashine picha ianzie wapi na sauti wapi, na daftari hilo ndilo lililoharibika. Nilichukua daftari la faili zima lililotoka katika kamera ile ile, nikalifanya kiolezo. Nikapata dakika 22. Usiku wa saba mama alizungumza kwa karibu saa nzima.

Nilikwenda kwa dada yangu Ijumaa baada ya swala. Nilimwambia yote, pamoja na yule aliyefungua ukurasa wa bayosi ni nani, kwa sababu mpwa wangu, kwa adabu yake, alikuwa amekwisha jitia lawama yeye peke yake. Dada alinitazama. Akasema, "Kaka, mama alikuwa akikuita fundi." Kisha akaomba asikilize.

Tulisikiliza yale yaliyobaki, watatu, juu ya mkeka ule ule. Katika faili la tatu mama anaeleza juu ya mzigo. Mpagazi, asema, alichukua kama frasila mbili, na watu wazima walijua kwamba hapo ndipo mwisho. Lakini safari moja mwenye msafara, kwa kutaka watu wapungue na mshahara upungue, aliongeza nusu frasila juu ya kila kichwa, na kirangozi akaambiwa asipumzishe watu mpaka Kazeh. Walitembea. Siku za kwanza msafara ulikwenda upesi kweli kweli, na mwenye msafara akajisifu. Wakaingia Mgunda Mkali, wakatoka upande wa pili. "Ndipo walipofika..." asema mama, na hapo picha yapasuka. Sauti inaporudi, mizigo imekwisha tuliwa chini na babu yu mgonjwa wa homa katika nyumba ya watu wasiomjua, wanampa uji.

Mpwa wangu alirudisha nyuma mara nne. Siku hizi mafaili yale yako katika diski tatu, moja kwangu, moja kwa dada, na moja kwa ndugu yetu aliyeko Kigoma, na kompyuta yaenda kwa 3.2, arusi moja kwa usiku kucha. Lakini jina la mahali pale halimo katika hata moja. Dada yangu asema mama alikuwa akitaja Rubuga. Mimi tangu utotoni nimesikia Tura, ambako ndiko mtu alikofika kwanza akitoka Mgunda Mkali, ingawa sasa kila nikilitamka mbele yake nasikia shaka katika sauti yangu mwenyewe.