Jua la Kendwa kwa Bei ya Umeme

Mtu akitaka kufuga matumbawe nyumbani, jambo la kwanza la kutafuta ni taa. Samaki huvumilia balbu yoyote, lakini tumbawe lina mgeni ndani yake: mwani wa chembe moja unaoishi katika nyama yake laini, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake. Ukiufisha mwani ule kwa giza, umelifisha na tumbawe.

Kendwa, Unguja, tulikokulia hakuna aliyetufundisha hilo, si skuli wala nyumbani, ingawa mwamba ulikuwa hapo hapo. Tulizama na miwani, jua la mchana likichora mistari ya mwanga inayocheza mchangani. Penye maji haba matumbawe yalikuwa na matawi mafupi yaliyosongamana. Kwenye kina, mengine yalijitandaza kama sinia. Tuliona ni mapambo tu. Leo najua kwamba yale ya chini hujitandaza ili yakinge mwanga mchache unaoyafikia. Maji humeza wekundu katika mita chache za mwanzo, na buluu ndiyo inayoshuka mbali, ndiyo maana taa za matumbawe hutengenezwa ziwe na buluu nyingi, hasa ya karibu nanomita 450.

Nilipokuja kuishi London nikaanza kutamani mwamba ule. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na dirishani hupati mwanga wa kulisha hata tumbawe moja. Miaka ile wafugaji walitumia balbu za metali halaidi. Ya wati 250 ilipasha maji moto mpaka ukahitaji feni au mashine ya kupoza, na bili ya umeme iliumiza. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo sikulipata kwenye taa za mirija zilizofuata: mwanga wake ulitoka mahali pamoja, kwa hiyo ulipopita kwenye mawimbi madogo ulichora mistari ile ile ya Kendwa kwenye mchanga wa tangi. Taa za mirija zilisambaza mwanga sawasawa, matumbawe yakanenepa, ila mistari ikapotea. Taa za LED zilipoenea, ikarudi. Sasa simu ndiyo inayoamua alfajiri ya tangi langu iingie saa ngapi.

Anayeniuliza anunue taa gani, humwambia aazime kwanza kipimo cha PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Macho yetu hayafai kwa kazi hiyo. Taa ya buluu huonekana hafifu kumbe ina nguvu. Matumbawe laini hutosheka na PAR ya kama 100. Yale ya matawi, jamii ya Acropora, hustawi kwenye 250 hadi 350. Jua la saa sita mchana juu ya maji ya Kendwa hukaribia 2,000. Tumbawe jipya huanzishiwa mwanga mdogo, ukaongezwa wiki kwa wiki. Likigeuka hudhurungi iliyokoza, mara nyingi mwanga haulitoshi, limeongeza mwani. Likianza kufifia, umezidi.

Ni hapo ninapoukumbuka mwaka 1998. Joto la El Niño liliingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa kaskazi, wakati maji yametulia na kuwa maangavu, na matumbawe ya Unguja yakawa meupe. Tulidhani ni joto peke yake. Kumbe maji yakizidi moto mwani hushindwa kuutumia mwanga ule ule uliokuwa ukiulisha. Ndani yake huzalika oksijeni yenye sumu, na tumbawe huutoa mwani wake nje. Ndiyo sababu mawingu huweza kuokoa mwamba, na ndiyo sababu mfugaji ambaye mashine yake ya kupoza imeharibika hukimbilia kuzima taa kabla ya jambo lolote. Mimi ninayo swichi ukutani. Mwamba uliotulea haukuwa nayo, na miaka kama 2016 na 2024 joto lilirudi tena katika ukanda wetu.

Mwanga huongoza hata uzazi wa matumbawe. Kusini mwa London, jumba la makumbusho la Horniman lilianza mradi wake wa matumbawe mwaka 2012. Jamie Craggs na wenzake waliiga macheo, majira ya joto na mwezi wenyewe, unaokua na kupungua kwa taa ndogo, mpaka matumbawe yakatoa mayai na mbegu ndani ya matangi kwa wakati uliotarajiwa. Mwezi ndiyo kalenda yao. Wavuvi wa dagaa wa kwetu wasingelistaajabu. Walijua usiku wa mbalamwezi karabai haivuti kitu, wakasubiri giza.

Kendwa ya zama zile mwezi ulikuwa hauna mshindani baada ya karabai kuondoka. Siku hizi ufuo mzima una taa, na usiku wa mwezi mpevu ndio wa sherehe kubwa. Nilimpigia mpwa wangu anayeongoza wazamiaji, nikamuuliza kama mwanga unafika mwambani. "Mjomba, ukiwa chini ya maji unaijua hoteli iko upande gani," akanijibu.

Mwaka 2023 wanasayansi walionyesha kuwa matumbawe ya pwani zinazomulikwa hutaga siku moja hadi tatu karibu zaidi na mwezi mpevu kuliko yale ya gizani. Mayai ya huku na mbegu za kule zinaweza kupishana majini. Siwaombi wenye hoteli wafunge sherehe. Watu wengi wa kwetu wanakula kwayo, akiwemo huyo mpwa. Nawaomba wazivishe taa kofia ziangalie chini, wazime zinazomulika maji, na wabadilishe zile nyeupe zenye ubuluu waweke za njano iliyokoza. Buluu ninayoilipia London ili ifike chini kabisa ya tangi, inafika chini vivyo hivyo ikimwagwa baharini usiku.